Dakika Kumi na Nne za Mama

"Haina mdomo," alisema kijana wa duka la kompyuta, akiigeuzageuza laptopu ile ndogo kama mtu aliyeletewa kiatu cha mguu mmoja. "Sidii ya kuweka mfumo ninayo. Nitailishia wapi?"

Wenzake wawili nyuma ya kaunta wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama hiyo ni kompyuta au ni kikokotoo kilichonenepa. Mshonaji aliyeileta naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba asichekwe zaidi, huku akipangusa kifuniko cha mashine yake kwa ncha ya mtandio. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa ajili ya kuhifadhia vipimo vya sare za wanafunzi: kifua, kiuno, urefu wa suruali, jina la shule. Miaka mitatu ilimtosha. Hakuwahi kujua kwamba ina kilema.

"Sitaki mfumo tu," alisema. "Ndani kuna sauti ya marehemu mama mkwe wangu. Tunaihitaji kesho."

"Mama, hata tukipata njia ya kuweka mfumo mpya, vya zamani vyote vinafutika. Ukitaka kupaka rangi upya si unakwangua kwanza?"

"Na msipopata njia?"

"Tutakuuzia nyingine."

Simu yake ikaita. Alikuwa mume wake, fundi rangi, akipiga kutoka kazini. Mshonaji akatoka nje, akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Vipi, imepona?"

"Bado, baba watoto."

"Mama watoto, usinifanyie mchezo. Baba mdogo nimeshamwambia. Dada nimeshamwambia. Kesho asubuhi wote wanakuja kusikia sauti ya mama. Nikisimama pale mikono mitupu nitaonekana mwongo."

"Nahangaika nayo."

"Hangaika zaidi."

Akakata. Mshonaji alibaki ameishika simu sikioni muda kidogo, ili wale vijana walioko ndani wadhani bado anaongea na mtu.

Kisa chote kilikuwa ni nyumba. Vyumba vitatu na ukumbi, bati bado lina mng'aro, na chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani ambako cherehani yake ilikaa. Wateja waliujua mlango ule hata kwa kupapasa. Hati iliandikwa kwa jina la mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Hazikupita wiki tatu tangu mazishi, wifi yake akaja kudai. Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mpishi wa shule ya bweni huko mbali, mwanamke mkimya mwenye mikono iliyojaa alama za kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alisema maneno machache tu: "Nyumba hii nimeijenga mimi. Mama alikuwa anapokea hela na kusimamia." Mumewe akamjibu kwamba mama aliacha neno, na neno lenyewe limerekodiwa.

Ni kweli lilirekodiwa. Mshonaji ndiye aliyeiweka mashine juu ya kigoda kando ya kitanda cha mgonjwa na kubonyeza. Tangu siku hiyo hakuna aliyeisikiliza. Nani ana moyo wa kusikiliza sauti ya mtu aliye kaburini? Sasa juzi ameiwasha ili aichaji kwa ajili ya kikao, ikamtolea kioo cheusi na mstari mmoja mweupe, ambao binti ya jirani alimsomea: mfumo haupatikani.

Kuhusu madai ya wifi, mshonaji hakuwa na shaka hata chembe. Yeye ndiye aliyemwogesha mama mkwe miaka miwili, akamgeuza ubavu, akamfulia mashuka. Huyo wifi alipigiwa simu aje kumwona mama yake anayekata roho, akajibu kwamba hana likizo. Ndivyo mumewe alivyomweleza. Mtu aliyeshindwa kuja kumshika mama yake mkono, leo amepata likizo ya kuja kushika mabati? Pale msibani mshonaji aliwagawia watu wote maji ya kunawa, akampita wifi yake kama anayepita nguzo.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mteja mmoja wa pale dukani, ametoka na bahasha yake. "Usisumbuke na hawa. Zunguka nyuma, chini ya ngazi. Muulizie Sekretari."

*

Sekretari alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, miwani yake imefungwa uzi, kibanda chake ni ile nafasi ya chini ya ngazi ambayo wengine huweka mafagio. Aliwachapia mabosi barua kwa miaka ishirini na sita, mpaka kompyuta zilipoingia ofisini na yeye akaonyeshwa mlango. Badala ya kuzinunia, alijifunza kuzifungua tumbo.

"Nani kasema haina mdomo?" alisema, akagusa kitundu cha ubavuni. "Na hiki? Mgonjwa asiyekula kwa mdomo si hulishwa kwa mpira?"

Mshonaji akamkumbuka mama mkwe siku za mwisho, na mpira puani. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Sekretari alichomeka flashi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alifanya kazi huku akieleza, kama watu wanaoishi peke yao wanavyopenda kueleza. Kunakili mafaili ya mfumo kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo hakutoshi, alisema. Mashine haiamki kwa hayo. Lazima flashi yenyewe igeuzwe, ijifanye sidii. Alipomaliza aliihamishia kwenye ile ndogo, akawasha, huku kidole chake kikigonga kitufe kimoja haraka haraka kama mtu anayebisha hodi mahali asipofunguliwa. Orodha ya buluu ikatokea.

"Unaona? Ikiamka inatafuta mfumo kwenye diski yake ya ndani kwanza. Haioni kitu, inakata tamaa. Tunaiambia ianzie kwenye flashi."

Akapanga upya, akahifadhi, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

"Nimeipa chakula cha wakubwa," Sekretari alisema bila wasiwasi. "Mfumo huu ni mzito, tumbo lake dogo. Subiri."

Flashi ya pili ilikuwa na mfumo mwepesi. Safari hii kioo kilipepesa, kikafifia, halafu kikafunguka, na palepale yakatokea machaguo mawili: kujaribu bila kusakinisha, au kusakinisha.

"Hapa ndipo wale vijana wanapoharibu vitu vya watu," alisema Sekretari. "Wanakimbilia kusakinisha. Sisi tunajaribu kwanza. Mfumo unatembea kutoka kwenye flashi, diski yako haiguswi. Tuingie tuone kilichomo."

Diski ilikuwa hai. Mfumo wake ndio uliooza, lakini mafaili yalikuwemo. Sekretari akafungua kabrasha lililoandikwa SARE, na mshonaji akayaona majina ya watoto wote aliowahi kuwapima. Chini yake kulikuwa na faili moja pweke: MAMA.

"Alhamdulillahi," alisema mshonaji. Machozi yalimtoka kabla hajajua. "Hiyo hiyo. Ni fupi tu, kama dakika mbili."

"Hapa inasema kumi na nne."

"Haiwezekani. Alisema maneno matatu tu."

"Basi tusikilize. Faili likiharibika huharibika mkiani. Mimi simkabidhi mtu kitu ambacho sijakisikia mwisho wake."

Akabonyeza.

Sauti ya mama mkwe ikajaa chini ya ngazi, nyembamba, yenye kwikwi, iko karibu mno. "Nyumba hii ni ya mwanangu wa kiume. Yeye na mkewe na watoto wao. Nimesema kwa akili zangu." Kisha sauti ya mshonaji mwenyewe: "Ahsante, mama." Kisha mteja akibisha hodi, mshonaji akiitika, kandambili zikiburuzwa, mlango ukifungwa. Akakumbuka. Mama wa mapacha alikuja kuchukua sare siku ile, naye akatoka mbio na kudhani amezima.

Kitanda kikalia. Kimya. Halafu:

"Ametoka?"

"Ametoka, mama." Ilikuwa sauti ya mumewe.

"Nimesema?"

"Umesema."

"Kama ulivyonifundisha?"

"Ndiyo, mama. Pumzika."

"Basi mpigie dada yako. Uliniahidi. Ulisema nikishasema, utampigia aje nimwone."

"Nitampigia."

"Lini?"

"Leo leo."

"Mpigie sasa, nisikie."

"Simu haina chaji, mama."

Palepale, ndani ya rekodi, simu ikalia. Mshonaji aliufahamu mlio ule; alikuwa ameusikia asubuhi hiyo hiyo. Mumewe akapokea, akaongea na mtu kuhusu ndoo mbili za rangi nyeupe na moja ya kijivu, akasema kesho bosi, bila wasiwasi bosi. Akakata.

Kimya kingine kikapita, kirefu kuliko cha kwanza.

"Imepata chaji," alisema mama mkwe.

Mshonaji alijikuta amesimama. Kichwa chake kiligonga chini ya ngazi na hakusikia maumivu. Alinyoosha mkono kuizima, akaurudisha.

"Nyumba ni yake, nawe unajua," sauti iliendelea, polepole, mgonjwa akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Kila tofali. Mimi nilikuwa napokea tu, nahesabu mifuko ya saruji. Leo nimemwibia mwanangu kwa mdomo wangu. Ila nilitaka kumwona. Mwambie kifungua mimba wangu aje. Aje hata kama hatanisamehe."

"Utamwona, mama. Lala."

"Huyo nani mlangoni? Ndiye?"

"Hakuna mtu. Lala."

Hatua za mwanaume zikatoka chumbani. Zilizobaki zilikuwa dakika za pumzi tu, na mara mbili swali lile lile likiulizwa chumba kitupu: huyo nani mlangoni? Mwishoni mlango ukafunguka na sauti changamfu ya mwanamke ikasema, "Haya mama, nimekuletea maji, tufungue kinywa." Alikuwa ni yeye mshonaji. Kisha mlio mdogo wa kifuniko cha mashine kufungwa, na rekodi ikaisha.

Huyo nani mlangoni? Mama mkwe alikuwa amemuuliza swali hilo kila siku, siku kumi na mbili mfululizo, mpaka alipofariki. Mshonaji alidhani ni akili zinatangatanga. Kila siku alimjibu, kwa upole, huku akimpangusa uso: hakuna mtu mama, lala.

*

Sekretari alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. "Faili ni zima," alisema hatimaye. "Mkia wake haujaharibika."

Mshonaji akaketi tena kwenye kigoda.

"Sasa nataka kusakinisha. Nikibonyeza hapa, diski inafutwa yote, mfumo mpya unakaa. Vipimo vya sare nimeshaviweka kando. Hili la sauti nilifanyeje? Nilihifadhi lote, au niliache lifutike? Naweza pia kukata, zikabaki dakika mbili za mwanzo."

"Ukikata, mtu atajua?"

"Hatajua. Nakata vizuri."

Mshonaji akaiangalia mikono yake. Aliona cherehani yake ikitolewa nje kupitia mlango wa mbele, miguu juu. Aliona watoto wakiulizwa shuleni mmehamia wapi. Alihesabu kichwani vyumba vya kupanga alivyovijua, vyenye choo cha pamoja na dirisha linalotazama ukuta, akatafuta kimoja ambacho mteja angekubali kuingia kupimwa kifua. Hakukipata. Na hakuwa ameiba kitu, yeye. Alikuwa amemlea mama wa watu mpaka pumzi ya mwisho. Dakika mbili zilitosha. Mzee mwenyewe alikuwa ametamka, kwa akili zake, na mkwewe akashukuru.

Lakini kwenye ile rekodi alikuwamo na yeye, mwanzo na mwisho, akiingia na kutoka kama kipofu.

"Lote," alisema. "Hifadhi lote."

Sekretari hakusema amefanya vizuri wala vibaya. Alinakili, akahakikisha, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Umeme ulipotikisika mara moja, mwanamke yule aliukamata waya wa chaja kwa mikono miwili, kana kwamba anashikilia mshipa wa mtu, wala hakuuachia mpaka mashine ilipojizima na kujiwasha yenyewe. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo. Mshonaji alilipa, akasahau chenji, akafuatwa nayo mpaka nje.

*

Mumewe alirudi jua bado liko juu, rangi ya kijivu imemganda kwenye kucha. Aliiona laptopu mezani, kioo kinang'aa, akapiga kofi la furaha.

"Nilijua tu! Mke wangu fundi. Iko?"

"Iko. Dakika kumi na nne."

Akacheka. "Kumi na nne za nini?"

"Kaa nikuonyeshe. Watoto nimewapeleka kwa jirani."

Alikaa. Mshonaji aliivuta rekodi mpaka pale mlango ulipofungwa, akasimama dirishani, mgongo kwake, akiangalia barabara. Alisikia kila kitu tena. Ilipofika simu ilipolia, kiti cha mumewe kilikwaruza sakafu.

"Zima," alisema. Sauti yake haikuwa yake. "Zima, tafadhali."

Alizima. Alipogeuka alimwona mwanaume aliyeishi naye katika ndoa miaka kumi na moja amekuwa na rangi ya majivu, mdomo wazi, kama mtu aliyefungua kabati na kukuta mtu amesimama ndani.

"Nani mwingine amesikia?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Mshonaji alilisikia, akaliweka moyoni.

"Fundi."

"Mungu wangu."

"Uliniambia dada kasema hana likizo."

"Ningefanyaje? Angekuja, mama angemwambia. Ningewapeleka wapi nyinyi? Unadhani nilifanya kwa ajili yangu? Mimi hata kwenye turubai nalala! Nani ana watoto hapa? Dada ana watoto? Ana kitanda chake shuleni, anakula bure, anavaa aproni ya shule. Nyumba ataifanyia nini?"

"Alikuwa anamwita, baba watoto. Kila siku. Mimi nilikuwa namjibu hakuna mtu."

Mumewe alifunika uso kwa viganja vyake vya kijivu. Alikaa hivyo mpaka nzi akatua mkononi mwake na kuondoka. Kisha akasema, chini sana, "Kuna namna ya kukata?"

"Ipo. Nimekataa."

"Nyumba itaenda."

"Najua."

"Basi niachie mimi. Kesho nitasema mwenyewe. Nikiwa nimesimama, kwa mdomo wangu. Niachie hiyo heshima tu, mama watoto."

Alimwangalia mkewe machoni alipoahidi. Na yeye, kwa sababu miaka kumi na moja si siku kumi na moja, alimwamini.

*

Walikuja saa tatu asubuhi. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yao, mwalimu mstaafu anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alikalia kiti cha mikono. Wifi alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama abiria. Mshonaji alileta maji kwenye sinia. Safari hii alianza kumpelekea wifi. Wifi akapokea bila kumtazama.

"Tumeitana kwa jambo moja," alisema baba mdogo. "Mwenye neno aseme."

Mumewe akasimama. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimwangalia mkewe, akameza mate, akafungua mdomo. Mshonaji aliushika upindo wa gauni lake.

"Sina maneno mengi," alisema mumewe. "Mama ataongea mwenyewe."

Akabonyeza.

Nyumba hii ni ya mwanangu wa kiume. Yeye na mkewe na watoto wao. Nimesema kwa akili zangu. Ahsante, mama. Na kabla hodi ya mteja haijaisha kubishwa, kidole chake kilishuka tena, haraka, kidole kilichofanya mazoezi. Kimya.

Mshonaji alihisi kama kuna mtu amemvuta kiti kwa nyuma. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama sakafu.

Baba mdogo akakohoa. "Mwanangu," alimwambia wifi, "umesikia."

Wifi alikuwa ameinama. Mabega yalitikisika. Kila mtu alingoja abishe, adai, atoe risiti za saruji alizosema anazo. Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote.

"Nimesikia," alisema. "Kama ndivyo alivyosema, basi. Siwezi kugombana na mama yangu." Akafuta pua kwa kiganja. "Ila kaka, nakuomba kitu kimoja. Sijaisikia sauti yake tangu mwaka jana. Iache iende. Hata kama anakohoa tu. Iache mpaka mwisho."

"Imeishia hapo, dada," alisema mumewe.

Alisema vizuri, kwa huruma, kama mtu anayemfariji mfiwa. Huo upole ndio uliomshtua mshonaji kuliko yote aliyoyasikia chini ya ngazi. Ndivyo alivyomwambia mama yake lala. Ndivyo alivyomwambia yeye, jana, niachie hiyo heshima.

"Haijaisha," alisema mshonaji.

"Mama watoto."

"Haijaisha, wifi. Bado dakika kumi na mbili."

Hakuna aliyemzuia. Mumewe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta alioupaka rangi mwenyewe. Mshonaji alibonyeza, akarudi kukaa, na zile dakika kumi na mbili zikapita ukumbini bila mtu kugusa bilauri yake. Simu ilipolia ndani ya rekodi, baba mdogo aliitafuta yake mfukoni, kisha akaelewa, na mkono ukabaki mfukoni. Mama aliposema kifungua mimba wangu, wifi alitoa sauti moja tu, fupi, kama mtu aliyeshika sufuria la moto bila kitambaa.

Ilipoisha, baba mdogo alikuwa wa kwanza kuongea. "Kwa hiyo nyumba," alianza.

"Nyumba tutaongea kesho, baba mdogo," alisema wifi. Alikuwa amesimama. Alitembea mpaka mbele ya mdogo wake, akamtazama kutoka karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Leo nataka kujua kitu kimoja. Ulipiga?"

"Dada."

"Nilikuwa jikoni siku zote. Simu naitundika kwenye msumari pembeni ya jiko ili nisikose mlio. Labda nilikuwa sisikii kwa kelele za watoto. Labda nilikosea mimi. Niambie tu. Ulipiga?"

Mikono ya mumewe ilipapasa ukuta nyuma yake.

"Sikupiga," alisema.

Wifi alitikisa kichwa kama aliyejibiwa bei. Kisha akayumba, na aliyemdaka ni mshonaji.

*

Karatasi ya kumkabidhi wifi nyumba iliandikwa wiki iliyofuata mbele ya baba mdogo, mashahidi watatu wakatia sahihi, na mumewe akatia ya kwake bila kuisoma. Siku hiyo hiyo alikusanya brashi zake, ngazi na nguo, akaenda kupanga chumba karibu na mahali alipokuwa na kazi. Alimwomba mkewe waende pamoja. Mshonaji alimjibu kwamba hajui, na ilikuwa kweli: hakujua. Watoto wakawa wanakwenda kwa baba yao Jumapili, wakirudi na madoa ya rangi.

Naye aliyafunga majora ya vitambaa, akafungua miguu ya cherehani, akangoja kuambiwa tarehe ya kuhama. Shule zilipofunga, wifi aliingia na sanduku moja. Aliikuta cherehani imelazwa mlangoni.

"Hii inakwenda wapi?"

"Sijapata pa kwenda bado, wifi. Nipe wiki mbili."

"Nimekuuliza hii mashine, sijakuuliza wewe. Irudishe dirishani, inaziba njia."

Waliinua pamoja, mmoja huku, mmoja kule, wakairudisha. Hawakukumbatiana, hawakuombana radhi; kulikuwa na mengi mno na hakuna aliyejua pa kuanzia. Wifi alizunguka ukumbini, akagusa kuta, akaingia chumba cha mama, akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro. Alikaa humo muda mrefu. Mshonaji alimfuata na maji, akasimama mlangoni asijue kama aingie.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema wifi bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Wifi akasogea, akaacha nafasi kwenye mbao za kitanda, akaipigapiga kwa mkono wake wenye makovu.

"Kaa hapa. Anzia siku aliyoshindwa kutembea. Alikula nini, alisema nini, alilala upande gani. Usiruke hata siku moja, wifi yangu. Nina likizo ya mwezi mzima."

Mshonaji aliweka bilauri chini. Akakaa. Akavuta pumzi, akaanza.